Sauti Iliyovuka Korongo

Andongwisye alidhani macho nayo yameanza kufuata masikio. Alikisogeza kile kikaratasi karibu na uso, akakirudisha mbali, akakisogeza tena. Tarakimu zilikuwa zilezile. Milioni moja na laki nane.

"Kwa hivi vifaa viwili tu?" aliuliza.

Binti aliyeandika tarakimu hizo aliitikia kwa kichwa. Aliitwa Yusra, mtaalamu wa masikio kutoka Mbeya. Mara moja kwa mwezi alikodi chumba cha nyuma cha duka moja la dawa pale Bulyaga, Tukuyu mjini, akawapima watu. Mzee Andongwisye alikuwa ametoka kupimwa. Alivishwa spika masikioni, akapewa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio, akakaa muda mrefu na kidole juu ya kitufe akisubiri mlio uanze. Kumbe ulikuwa unalia muda wote.

Miaka ishirini na miwili ya kusimamia mashine ya kusaga ya dizeli kule Mpuguso ndiyo iliyomla masikio. Yalikwenda polepole, na miaka mitano hii ya mwisho yakaondoka kabisa. Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, analima migomba na maparachichi Kisondela pamoja na mkewe Esnath, na ukitaka akusikie ilibidi usimame upande wa kulia upige kelele kama unayeita mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliwahi kununua kispika cha mnadani kwa elfu thelathini. Kilipiga filimbi sikioni siku mbili, kikafa.

Kwenye meza Yusra alikuwa amepanga vifaa vya aina tatu. Kulikuwa na vidogo kama punje ya haragwe, vinavyoingia ndani ya sikio visionekane. Kulikuwa na vya kuning'inia nyuma ya sikio vinavyochajiwa kama simu, na vingine kama hivyo vinavyotumia betri ndogo za kubadilisha. Alimweleza Abrahamu, kijana aliyemleta mzee, na kila alilosema alimwandikia mzee kwa kifupi.

"Hivi vidogo ni ghali na havimtoshi. Usikivu wake umeshuka mno, anahitaji chenye nguvu," alisema. "Kwenu umeme unakatika?"

"Ukikatika unaweza kukaa siku tatu," alijibu Abrahamu.

"Basi chukueni vya betri. Na chukueni viwili. Kimoja kitamsaidia chumbani, lakini nje hatajua sauti inatokea wapi. Pikipiki itamgonga."

Andongwisye alisoma kikaratasi mara ya mwisho, akakiweka mezani na kusimama. "Twende zetu," alisema, kwa sauti iliyowafanya wateja wa duka la mbele wageuke. "Mimi nimezeeka. Nisikie nini tena?"

Abrahamu hakusimama. Alichukua kalamu ya Yusra, akaandika chini ya zile tarakimu: Nitalipa mimi.

Mzee alisoma, akakaa tena. Abrahamu alikuwa mtoto wa mdogo wake, Lazaro. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na Lazaro akafariki kwa kifua mtoto akiwa na miaka miwili, muda mfupi baada ya kurudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya. Andongwisye na Esnath wakamlea pamoja na mtoto wao wa pekee, Jotham. Sasa Jotham alikuwa mhasibu Dar es Salaam. Abrahamu aliishia kidato cha pili, akawa dereva wa bodaboda. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mke mmoja, mtoto mchanga mmoja, na vyumba viwili vya matofali katika boma lilelile. Jotham mwenye mshahara alikuwa ameshaambiwa kuhusu masikio ya baba yake mara tatu. Alituma vocha.

Siku hiyo Abrahamu alilipa nusu, na Yusra akachukua umbo la masikio ya mzee kwa kitu laini kama donge la unga. Waliambiwa warudi baada ya mwezi mmoja, wakarudi. Ila asubuhi hiyo mzee alitoka nje akamkuta Abrahamu amesimama barabarani kwa miguu, akisimamisha bodaboda ya mtu mwingine.

"Pikipiki iko wapi?"

Abrahamu alimsogelea sikio la kulia. "Nimeuza!"

Andongwisye alishika mti wa uzio. Ile pikipiki ndiyo iliyokuwa ikimlishia mke na mtoto. Mtu gani anauza jembe lake ili mzee wa miaka sabini na mmoja asikie kuku? Alitaka kuuliza, lakini Abrahamu alikuwa ameshapanda, anamwonyesha kwa mkono nafasi ya nyuma.

Pale Bulyaga, Yusra alimwekea vifaa masikioni, akabonyezabonyeza kompyuta yake. Kwanza mzee alisikia kitu kinakwaruza. Lilikuwa koti lake mwenyewe. Kisha akasikia bangili za Yusra, kisha mvua kwenye bati, kila tone na mahali pake.

"Mzee, unanisikia?"

"Ndaga!" alisema, yaani asante, akaruka kwenye kiti kwa mshtuko. Yusra alicheka.

"Ndiyo sauti yako hiyo. Watu wengi hushtuka. Ukiwa husikii unapaza bila kujua, unatafuta kujisikia. Utajifunza kuishusha."

Aliona aibu. Njia nzima hakuongea. Jioni ile nyumbani alikaa tu akisikiliza: moto, kijiko kwenye sufuria, mtoto wa Abrahamu akilia ng'ambo ya ua. Esnath aliongea naye kwa sauti ya kawaida na yeye akaisikia, sauti nyembamba kuliko aliyokuwa akiikumbuka, na machozi yakamlenga. Lakini Esnath hakufurahi kama alivyotarajia. Alimuuliza mambo mafupi mafupi na kumkwepa macho.

"Vinakaa masikioni hata alfajiri?" aliuliza.

"Navua wakati wa kulala. Alfajiri nitavaa."

Esnath akaondoka na sufuria.

Kila alfajiri, tangu enzi za kazi ya mashine, Andongwisye alikuwa na desturi ya kwenda kusali peke yake kwenye ghala la mahindi nyuma ya nyumba. Lilikuwa ghala la mbao, limesimama ukingoni mwa korongo. Ng'ambo ya korongo aliishi jirani yake, Ambindwile. Kanisani alisali na wenzake, mezani alisali na mkewe, lakini ghalani aliongea na Mungu mambo ya siri, kwa kunong'ona. Tangu masikio yalipoziba alikuwa akinong'ona mpaka ahisi neno linatetemeka kooni, ndipo ajue limetoka.

Alfajiri ile alivaa vifaa vyake, akaenda, akapiga magoti kwenye gunia.

"Kyala, Mungu wangu," alinong'ona, "lile shamba la Lazaro..."

Mbwa wa Ambindwile alibweka ng'ambo. Andongwisye alinyamaza. Kilichotoka kinywani mwake hakikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe warudi. Alijaribu tena, akashusha. "Lile shamba." Bado iligonga mbao na kurudi. Alishusha mpaka koo likawa halitetemeki kabisa, na hapo tu ndipo alipousikia mnong'ono wa kweli. Ulikuwa mdogo kama pumzi. Hakuwa amewahi kuongea hivyo ghalani hata siku moja, kwa miaka mitano.

Alishika magunia akajiinua, akatoka akielekea jikoni, ambako Esnath alikuwa akipuliza moto.

"Mama Jotham." Alijitahidi kuongea chini. "Nikisali kule ghalani, sauti yangu inafika wapi?"

Esnath aliendelea kupuliza, ingawa moto ulikuwa umeshawaka.

"Nakuuliza."

"Inafika kwa Ambindwile," alisema. "Siku isiyo na upepo inafika barabarani."

"Tangu lini?"

"Tangu masikio yalipokwisha."

"Na mnasikia nini?"

Esnath aligeuka, akamtazama usoni. "Yote, Baba Jotham. Shamba. Karatasi uliyochoma. Mtoto wa watu. Yote."

Alikaa chini pale pale kwenye majivu. Yote. Yale aliyomwambia Mungu kila alfajiri, kwamba shamba la ekari mbili chini ya barabara, lile la maparachichi, hakulinunua yeye. Lilinunuliwa na Lazaro kwa dhahabu yake ya Chunya. Kwamba Lazaro alimkabidhi karatasi ya mauziano ili amtunzie mtoto. Kwamba aliichoma moto, akaenda kwa mwenyekiti wa enzi zile akaandikisha jina lake. Kwamba shamba hilo ndilo lililomsomesha Jotham mpaka chuo, na Abrahamu akaambiwa ada haipo.

Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine, kila moja likimpiga. Mwaka ule alipoondolewa kwenye uzee wa kanisa akaambiwa apumzike, umri umekwenda. Ambindwile, waliporekebisha mpaka, alivyodai waandike karatasi tatu na kila moja ipigwe picha. Watoto wa shule waliokuwa wakisimama njiani, mikono juu, midomo wazi, wakianguka kwa kicheko akipita. Alidhani ni mchezo wao tu. Miaka mitano alikuwa ametembea uchi katikati ya kijiji akijiona amevaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kwa kupiga kelele?" Esnath alisukuma ukuni motoni. "Siku ya kwanza nilifunga nguo zangu. Nilitaka niende kwa kaka yangu. Halafu nikajiuliza, mimi nimekula wapi miaka yote hii? Shamba lile limenilisha na mimi. Nikafungua nguo, nikanyamaza. Nikawa nasubiri umalize kumwambia Mungu uje uniambie mimi. Hukuja."

Andongwisye alijua swali lililobaki, na ulimi haukutaka kulibeba.

"Abrahamu?"

"Alisikia kabla yangu. Chumba chake si kiko hapo kando ya ghala? Alikuja kuniuliza. Nikamwambia sijui kitu." Esnath alifuta macho kwa kitenge. "Hakurudi kuniuliza tena."

Mtu aliyeuza pikipiki yake alikuwa amejua tangu mwanzo. Andongwisye aliposikia hilo alihisi baridi kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Kisha aliinuka, akatoka na majivu yake kwenye suruali, akashuka njia ya chini ya barabara.

Abrahamu alikuwa kule kule kwenye lile shamba, anapogoa miparachichi. Wanunuzi wa matunda walikuwa waje wiki hiyo. Alimwona mzee akiteremka, akaacha panga kwenye shina, akasubiri. Kulikuwa na ukungu, na migomba ya pembeni ilikuwa ikidondosha maji.

"Shikamoo, baba," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Marahaba." Mzee aliisikia vizuri. "Abrahamu. Unajua."

"Najua."

"Na ukauza pikipiki."

"Niliuza."

"Kwa nini, mwanangu? Mtu aliyekutendea hivi?"

Abrahamu alichuma jani, akalikunja vidole vikipata kitu cha kufanya. "Miaka mitano nataka kukuuliza jambo. Nikawaza, nitakuulizaje? Mpaka nisimame kwenye sikio lako nipige kelele. Jambo la baba yangu nilipigie kelele, kina Ambindwile wajibu kabla yako? Nikasema nikuandikie. Nikaandika mara mbili, nikachana. Karatasi ungeikunja ukaweka mfukoni, basi, imeisha. Nilitaka unisikie nikiuliza, na mimi nikuone." Alitupa lile jani. "Pikipiki nitapata nyingine. Wewe una miaka sabini na mmoja. Ukiondoka hujanijibu, mimi nabaki na maneno ya kusikilizia ukutani."

Andongwisye alidhani amelielewa swali. Alisema haraka, "Shamba ni lako. Leo leo tunakwenda kwa mwenyekiti. Nitasaini mbele ya watu wote."

"Sijauliza shamba."

Mzee alimtazama.

"Kila siku ghalani," Abrahamu alisema, "unasema, Mungu nisamehe kwa neno lile aliloniambia Lazaro. Kila siku. Na hujawahi kulitaja hilo neno. Mimi baba yangu simkumbuki hata sura. Sina kitu chake. Neno moja lipo, na uko nalo wewe. Alikwambia nini?"

Kama Abrahamu angeinua panga, Andongwisye asingeshtuka hivyo. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa matusi, kwa polisi. Hakujiandaa kwa hili. Alitafuta pa kukaa, akakalia kreti la matunda, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini akalisema neno lile mbele ya mtu.

"Alikuwa amelala kwa mama, kile chumba cha mbele. Pumzi haimtoshi. Akatoa karatasi chini ya mto, akaniambia: kaka, mtunzie mwanangu hii. Usimpe mapema akaichezea. Mpe siku atakapoweza kuisoma mwenyewe."

Abrahamu alisogea hatua moja karibu.

"Niliitunza," mzee aliendelea, na sauti yake ilianza kupanda bila yeye kujua, akaisikia, akaishusha. "Miaka sita niliitunza kwenye sanduku. Nilikuwa na nia ya kukupa, Mungu anajua. Siku moja ulikuja mashineni kuniletea chakula, uko darasa la pili. Kulikuwa na magunia yamepangwa. Ukasimama mbele ya gunia ukaanza kusoma yaliyoandikwa, herufi kwa herufi, mpaka ukamaliza. Wateja wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi." Aliitazama mikono yake. "Jioni ile nikarudi nyumbani nikaichoma."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye shingo za migomba. Abrahamu alikuwa amesikia mengi kupitia ukuta wa ghala, lakini hili hakulisikia kamwe.

"Naikumbuka siku hiyo," alisema baadaye. "Uliniambia mimi ni hodari. Ulininunulia soda." Akaokota panga lake, akaenda mwisho wa shamba, akampa mzee mgongo. Mabega yalikuwa yakitikisika. Andongwisye alikaa kwenye kreti akasikia kila kitu, na hakuwa na haki ya kuvua vile vifaa.

Siku iliyofuata walikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alitoa karatasi bila kuuliza maswali mengi. Aliitwa shahidi, na shahidi aliyekuwa karibu ni Ambindwile. Aliweka sahihi yake upesi, kama mtu ambaye kalamu ilikuwa tayari mkononi kwa miaka. Mbele ya watu sita Andongwisye alieleza alichokifanya, kwa sauti ya wastani, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha kushangaa. Aliyeshangaa alikuwa yeye peke yake.

Jioni Jotham alipiga simu kutoka Dar. Zamani Esnath ndiye aliyekuwa akipokea. Safari hii mzee aliishika mwenyewe.

"Baba, nasikia umegawa shamba! Nani amekulazimisha?"

"Hakuna. Shamba lilikuwa la Lazaro."

"Aa, baba, mambo yale ya ghalani? Yale ni maneno ya uzee. Mimi nilimwambia mama asiyatilie maanani."

Andongwisye aliitoa simu sikioni, akakitazama kioo chake kinachong'aa, kisha akairudisha. "Na wewe ulisikia?"

"Krismasi ile nilipokuja. Nani asingesikia?"

Alikata simu. Esnath alipomuuliza Jotham amesema nini, alimrudishia simu, akatoka barazani.

Kiangazi kilipoingia Abrahamu alianza kujenga kwenye shamba lake. Mke na mtoto walihamia kabla bati halijakamilika. Hakuaga kwa sherehe wala kwa ugomvi. Mauzo ya kwanza ya maparachichi yalimpa kianzio cha pikipiki nyingine, ya mkopo, na watu wa Kisondela wakaanza kumwona tena njiani akibeba abiria.

Jumapili mchana huja kwa baba yake mkubwa, wanakaa barazani. Hana maneno mengi. Huuliza jambo moja kuhusu Lazaro, kama alikuwa mrefu, kama alijua kuogelea, alikuwa akicheka vipi, na mzee hujibu kwa ukweli, hata pale ukweli unapomtia aibu. Wakati mwingine jibu humfanya Abrahamu atabasamu. Wakati mwingine husimama katikati ya sentensi, akachukua kofia yake na kuondoka, na wiki nzima asionekane. Andongwisye hamwiti arudi. Hubaki pale barazani, akiisikia ile pikipiki mpya ikipanda mlima, ikikata kona ya shule, mpaka mlio wake umalizike.